Harufu ya Utosi wa Chiriku

Vitunguu viliungua mbele yake mpaka vikawa makaa, na Mama Pua alikuwa amesimama palepale, mwiko mkononi, akiwaza mambo ya kazini. Nje mvua ilikuwa inanyesha, dirisha limefungwa, jikoni kuna kiza. Aliyemgutua ni Chiriku, binti yake wa pekee, aliyetokea mlangoni ameziba pua kwa vidole viwili.

“Mama, kunaungua.”

Mama Pua alizima jiko, akamimina maji kwenye sufuria, akasikia mchemko, akaona mvuke ukimpanda usoni. Hakunusa kitu. Kichwa kilikuwa kizito tangu asubuhi na koo linamkwaruza, akajiambia ni mafua tu. Alimtuma mtoto afungue mlango wa nyuma hewa iingie. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anavuta komeo pale mama mzazi wa Mama Pua, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alipoita kutoka chumbani kwa sauti ya kukaripia lakini aliyoibana isiwe kubwa. Alilalamika kwamba kelele hizo za masufuria zitamwamsha Chiriku. Amehangaika naye tangu adhuhuri, ndiyo kwanza amelala, na yuko naye hapa amemkumbatia.

Mama Pua aligeuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Chiriku yuko kizingitini anakinga matone ya mvua kwa kiganja. Alikwenda kuchungulia chumbani. Bibi alikuwa amelala ubavu, peke yake, mkono umekunjwa kuzunguka nafasi ya mtoto. Shuka mahali hapo lilikuwa limebonyea.

“Katoka sasa hivi,” Bibi akasema, usingizi ukimvuta. “Ana baridi huyu mtoto. Mvalishe sweta.”

Jina la Mama Pua hakupewa kwa ajili ya sura. Pua yake ilikuwa ya kawaida, hata ndogo. Alilipata kazini. Alikuwa mchanganyaji wa manukato katika karakana ya sabuni na marashi, mtu wa meza ya mwisho, na hakuna pipa lililofungwa kabla yeye hajalinusa na kukubali kwa kichwa. Angeweza kukwambia mafuta haya ya waridi yaliachwa juani, na aliyejaza chupa hii alikula vitunguu. Mkuu wa karakana, bwana ambaye asingetofautisha waridi na dawa ya chooni, aliwaambia wageni kwamba pua ile ndiyo mtambo wake wa thamani kuliko yote. Mama Pua, ambaye shahada yake ya kemia ilitundikwa sebuleni kuziba ufa wa ukuta, alicheka pamoja na wageni na kunyamaza.

Nyumbani pua ilikuwa na kazi nyingine. Kila jioni alimpakata binti yake na kuinamisha uso kwenye utosi wake. Mtoto aliitwa Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea na tangu hapo hakuwa amepumzika. Baba yake alikuwa na nyumba nyingine na mke mwingine, na hadithi hii haina haja naye. Utosi wa Chiriku ulinukia mkate uliopoa, chaki ya darasa la kwanza, na kitu cha tatu ambacho mama yake hakuwahi kukipatia jina. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akijaribu kukitengeneza. Kwenye droo ya kazini alikuwa na chupa ndogo, akiongeza tone la hiki na kupunguza la kile, na kila alipodhani amekipata alirudi nyumbani, akamnusa mwenyewe halisi, na kesho yake akaenda kumwaga.

Sasa utosi ule ulikuwa haunukii kitu. Alisubiri mafua yaishe. Yaliisha, kikohozi kikaisha, hata uchovu ukaisha, na dunia ikabaki kama picha iliyobandikwa ukutani.

Homa ile ilikuwa imezunguka mji mzima. Daktari wa zahanati, dada mmoja mwenye barakoa na macho ya mtu asiyelala, alimweleza bila kumzungusha. Virusi vinaingilia puani, na huko juu vinashambulia chembe zinazoitunza mishipa ya kunusa. Mishipa yenyewe mara nyingi inanusurika, ila bila watunzaji wake haifanyi kazi. Wengi hurudiwa na harufu baada ya wiki chache. Wengine miezi. Wengine, akasema, halafu akaiacha sentensi hapo na kuangalia foleni mlangoni. Alimwagiza ajizoeze asubuhi na jioni kunusa waridi, ndimu, karafuu na mkaratusi, hata kama hapati kitu, ili aikumbushe pua kazi yake. Mama Pua aliuliza kama hakuna dawa. Daktari akamwambia ingekuwepo angeanza kujitibu mwenyewe, maana yeye siku hizi akila ni kama anatafuna gazeti.

Kazini Mama Pua hakusema. Angesema nini, na angebaki kuwa nani baada ya kusema? Alikaa kwenye meza yake ya mwisho, akafumba macho juu ya mapipa kama kawaida, akasubiri kidogo, akasema ongezeni waridi. Alitegemea vipimo alivyovikariri, na kemia, na nyuso za watu. Hakuna aliyemgundua, kwa sababu nusu ya karakana ilikuwa hainusi na nusu nyingine haikuwahi kujua kunusa. Mkuu wa karakana alipulizia mkononi mchanganyiko ambao Mama Pua mwenyewe aliuogopa, akavuta pumzi ndefu, akatamka kwamba safari hii amejishinda. Wateja walinunua huku wakitikisa vichwa kwa ujuzi. Mji mzima ulikuwa umefumba macho ukijidai unanusa.

Aliyenusa kweli ni Chiriku. Homa ilimpitia kama ilivyowapitia watoto wengi, kamasi kidogo na domo lilelile. Jioni moja, amepakatwa, uso wa mama yake umezama kwenye nywele zake, akasema polepole, kama mtu anayechongea mwenzake:

“Mama, yule wa chumbani kwa Bibi ananuka.”

“Bibi hanuki. Ni yale mafuta anayopaka miguu.”

“Si Bibi. Yule anayelala na Bibi. Ananuka kama ukuta ukilowa.”

“Na nani analala na Bibi?”

Chiriku alifikiri. Kwa mara moja katika maisha yake alichukua muda kabla ya kujibu.

“Mimi,” akasema.

Mama Pua alicheka, kwa sababu ndivyo anavyofanya mtu aliyesoma anapopata baridi mgongoni. Usiku huo alimlaza mtoto kitandani kwake na kufunga mlango kwa ufunguo, jambo ambalo hakujieleza sababu yake. Asubuhi Bibi alisifu namna mjukuu wake alivyolala vizuri, hakugeuka hata mara moja.

Kisha ikaja ile siku ya jua, siku ya kufua, alipomwogesha mtoto uani kwenye beseni la bati. Chiriku alikuwa anapiga soga zake za kila siku, nani kamnyang’anya nani kalamu, mwalimu kaanguka na kiti, na mama yake alikuwa akiitikia bila kusikiliza huku akimpaka sabuni mgongoni, na polepole mikono yake ikaanza kujua kitu ambacho kichwa chake kilikuwa bado hakijakubali kukijua, kwamba ngozi ile haipati joto ingawa maji yalikuwa ya moto, kwamba povu linateleza lote bila kushika kama linavyoteleza kwenye kigae, kwamba vidole vya mtoto vilivyokaa majini muda wote huo havijakunjamana hata kidogo, na alikuwa bado anavitazama vidole hivyo aliposikia, kutoka nje ya ukuta, barabarani, kati ya kelele za watoto wa jirani wanaokimbizana, kicheko cha Chiriku.

Mtoto aliyekuwa ndani ya beseni naye aliacha soga zake, akainamisha kichwa, akasikiliza. Walisikiliza pamoja.

“Endelea, Mama,” akasema.

Mama Pua alitoka mbio hadi getini na povu mikononi. Chiriku alikuwa pale, vumbi tupu, goti limechubuka, akataka kujua kwa nini anakimbizwa na sabuni. Waliporudi uani beseni halikuwa na mtu na maji yake yalikuwa safi kama yalivyotoka bombani. Kwenye sakafu kulikuwa na nyayo ndogo mbichi zinazoingia ndani ya nyumba. Zinazotoka hazikuwepo.

Hapo ndipo alipomweleza Bibi, naye Bibi hakushangaa kama alivyotegemea. Alivuta kanga yake vizuri mabegani na kusema kwa kunong’ona, akiangalia mlango, kwamba zamani walikuwa wanaambiwa jini anaweza kuiba sura ya mtu, na sauti, na mwendo, hata kumbukumbu akikaa karibu nawe muda wa kutosha. Harufu haibebi. Ndiyo maana tangu enzi hizo mtu akisikia harufu ya ajabu chumbani hutoka, haulizi. Na sasa wote wameugua, wote pua zimekufa, na yeye mwenyewe amekuwa akimkumbatia nani huko kitandani hajui, alidhani ni uzee ndio unamnyima harufu ya mjukuu.

“Milango yote ilikuwa wazi, mwanangu,” akasema, “na sisi tumekaa tunasubiri mafua yaishe.”

Mama Pua alitaka kubishana. Alikuwa amefungua kinywa kabisa. Wakati huohuo Chiriku aliingia kutoka uani akidai ana njaa, na Chiriku akaingia kutoka chumbani akidai ana njaa, wakakutana katikati ya sebule kwenye mwanga wa mchana, gauni moja, msuko mmoja uliofumuka upande mmoja. Kila mmoja alimtazama mwenzake, halafu wakamgeukia mama, na swali likatoka vinywani mwote wakati mmoja: Mama, huyu ni nani?

Mchana ule ni mmoja tu aliyekuwa na kidonda gotini, na hakuna aliyekumbuka kumtia alama. Kufikia magharibi wote wawili walikuwa nacho.

Walifunga milango. Shuleni walisema mtoto anaumwa, na majirani hawakuuliza, kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wake. Mama Pua alijaribu maswali: jina la mdoli uliopotea, wimbo wa kulalia, siku ile ya kung’oka jino. Wote walijibu, mmoja akianza na mwenzake akimalizia. Kila mmoja alilia akimshitaki mwenzake kwamba ananuka kama ukuta ukilowa. Alipompa mmoja kikombe cha uji alishindwa kumnyima mwingine, akaishia kupika kwa ajili ya wote wawili, na wote walikula, na wote wakazidi kukonda. Alilala kati yao. Upande mmoja palikuwa na mtoto wake, na hakuujua ni upi.

Bibi ndiye aliyemwita mganga. Alifika kwa pikipiki, mzee nadhifu mwenye begi la kompyuta lisilo na kompyuta ndani. Alikuwa maarufu kwa jambo moja: jini wa baharini, wa majabali au wa makaburini, alimjua kwa kunusa tu akiwa bado kizingitini. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akafumba macho, akasubiri kidogo, akatikisa kichwa kwa uzito. Mama Pua aliuona ufumbaji ule wa macho na kitu kikamgusa, kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mwingine. Hakukishika. Alimhitaji mno mzee yule awe anajua.

Mganga alisema hapana muda. Mmoja anamnyonya mwenzake, na kwa walivyokonda, kesho au keshokutwa aliye hai hataamka. Aliomba chupa tupu yenye kizibo cha kioo kinachobana barabara, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mtu wa manukato, chupa haikuwa shida. Atamsomea jini, atamvuta, atamfungia humo. Chupa ikae juu pasipofikiwa, isivunjike, maana ikivunjika atarudi. Kilichobaki ni kuonyeshwa yupi. Yeye amekwisha kumnusa, alisema, lakini kwa kazi hii neno lazima litoke kinywani mwa mama. Na tena amesikia habari za pua ya mama huyu. Hapa, akasema na kutabasamu kidogo, kuna pua mbili chini ya paa moja. Jini huyu amekosea nyumba.

Bibi alimtazama binti yake kwa fahari, machozi yakimlengalenga.

Watoto walikalishwa kwenye mkeka wakimkabili mama. Mganga aliweka chetezo kati yao, akachochea makaa, akamwaga ubani. Aliamuru asiseme mtu mpaka mama aseme, kwa sababu jini huokota sauti ya anayesema. Moshi ulipanda mweupe. Mama Pua alipiga magoti mbele ya wa kwanza, akazamisha uso kwenye utosi wake. Hakuna kitu. Alihamia kwa wa pili, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa kioo. Alikaa hivyo, uso ndani ya nywele, muda mrefu kuliko alivyohitaji, na wote waliokuwa chumbani walimwona mtu mwenye ujuzi akifanya kazi yake.

Alipaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, yalikuwa ulimini. Lakini alikuwa ameyameza kila siku kazini mpaka koo likazoea, na Bibi alikuwa anamwangalia, na mganga alikwisha kusema kesho au keshokutwa, na kama yeye hajui basi nani anajua. Akainua kichwa, akawatazama nyusoni.

Wa kulia alikuwa amegeuza uso pembeni, anatazama kona ya mkeka, nyuma ya chetezo. Alikuwa ameziba pua kwa vidole viwili. Alimtupia mama jicho, akafungua mdomo, akakumbuka ameambiwa asiseme, akaufunga, akatazama tena kona.

Wa kushoto alikaa ndani ya moshi bila kukunja uso, macho kwa mama yake tu, yamejaa maji, mikono imefunguka kidogo kama ya mtoto anayengoja kubebwa.

“Ubani haumpendezi,” mganga alinong’ona.

Na kila mtu anajua jini hapendi ubani.

“Huyu,” Mama Pua akasema, akamkumbatia wa kushoto. “Huyu ndiye wangu. Namnusa.”

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Mganga alimshika wa kulia begani, akasoma alivyosoma, akaelekeza mdomo wa chupa kwenye utosi wake. Mtoto alilia akimwita mama, kwa sauti ya mtoto hasa anayemwita mama hasa, na mganga, jasho likimtoka, akasema wote hulia hivyo. Mama Pua aliufunika uso wa yule aliyempakata ili asione, na yeye mwenyewe akatazama kwa sababu hakuweza kutotazama, akaona vidole vinavyonyooshwa kumwelekea vikififia kuanzia kwenye kucha, kama pumzi inavyofutika kwenye kioo, na gauni likitua taratibu juu ya mkeka halina mtu, na sauti ikiendelea kuita baada ya mdomo kuwa haupo tena, ikiwa ndogo, ikiwa ndogo zaidi, mpaka ikawa kitu cha ukubwa wa chupa, na kizibo kikasaga kioo kwa kioo, na kukawa kimya.

Waliponyanyua mkeka kuukung’uta waliona tundu pana kama sahani kwenye ile kona. Kaa lilikuwa limeanguka na kuunguza mpaka sakafuni, na hapana aliyehisi. Bibi aliguna kwamba waganga wa siku hizi hawana adabu na vitu vya watu.

Nyumba ilitulia. Chiriku alinenepa, akarudi shuleni, akapiga soga zake. Alikula kila alichopewa, hata maziwa yaliyooza ambayo Bibi aliyasahau juani. Chupa ilikaa juu ya kabati, imepakwa nta shingoni na kufungwa kitambaa. Mama Pua aliendelea na mazoezi yake asubuhi na jioni: waridi, ndimu, karafuu, mkaratusi. Aliyafanya kama mtu anayegonga nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Karafuu ilirudi kwanza. Ilikuja kwa mbali, nyembamba kama uzi, akiwa kwenye meza ya mwisho, akaangua kilio mbele ya wafanyakazi, wakadhani kuna msiba. Kisha ndimu. Kisha, siku hiyohiyo njiani kurudi, barabara nzima kwa pamoja: moshi wa magari, mkate, mtaro, sabuni ya mtu aliyempita. Alitembea akicheka peke yake. Alimkuta Chiriku sebuleni amelala kifudifudi anachora, akamnyakua, akampakata, akazamisha uso kwenye utosi.

Alinusa penseli aliyokuwa ameishika. Alinusa gauni, sabuni ya kufulia, mafuta ya nywele aliyoyachagua yeye mwenyewe. Chini ya mafuta, mahali ambapo pangekuwa na mkate uliopoa na chaki na kile kitu cha tatu, palikuwa na ukuta uliolowa.

Mtoto alitulia kabisa mapajani.

“Umepona, Mama?” akauliza.

Mama Pua alimweka chini taratibu, akasema bado.

Alimkuta mganga barazani kwake, ana ganda la ndimu puani. Mzee alipomwona alilishusha, halafu akaona hakuna haja, akaliacha gotini. Mama Pua hakumpa salamu. Alimwambia kwamba siku ile alikuwa hanusi. Mganga alitazama barabara.

“Mimi pia, mwanangu,” akasema. “Tangu kabla yako. Nilikutegemea wewe.”

Baadaye mzee aliuliza, kama mtu anayechokoza kidonda chake mwenyewe, kama mtoto naye alikuwa ameugua pua. Mama Pua akasema hapana, mtoto alikuwa ananusa, ndiye aliyekuwa anamwambia jikoni kunaungua. Mganga alishika kichwa. Jini hana harufu ya mtu na hanusi kama mtu, alisema kwa sauti iliyokauka. Wangechoma kitambaa tu, kitambaa kikuukuu, nyuma ya migongo yao, wakaangalia ni nani atakayeziba pua. Hakuna aliyehitaji kuwa na ujuzi wowote. Mama Pua alikuwa anaiona kona ya mkeka.

Aliuliza itakuwaje chupa ikivunjwa. Mganga alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Jini ana njia ya kurudi kwa sababu mwili wake ni wa kuazima popote. Mtu akivutwa humo mwili unaisha, inabaki ile sehemu yake isiyoibika. Aliuliza kama yule wa nyumbani anaweza kutolewa. Amekumbatiwa, mzee akajibu, ameitwa wangu na mama mwenyewe mbele ya mashahidi. Hana pa kutolewa. Ni kwake.

Alirudi nyumbani wakati watu wanawasha taa. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Mama Pua alivuta kigoda, akaishusha chupa, akafungua kitambaa, akabandua nta kwa ukucha. Alikizungusha kile kizibo kidogo tu, upana wa pumzi moja.

Mkate uliopoa. Chaki. Na kile kitu cha tatu, ambacho miaka yote hakukiweza, kikiwa kamili, kimempanda usoni, kimemkaa mapajani na uzito wake wote, mpaka mikono yake ikainuka yenyewe kukipakata. Kisha kikaanza kupungua, kama kila kitu chepesi kinavyopungua kikipata hewa. Alikirudisha kizibo haraka, akakibana kwa viganja vyote viwili. Alijua vizibo, ndiyo ilikuwa kazi yake. Alijua hata kile cha kioo, hata chenye nta, kinapitisha kidogo kidogo, na kwamba hakuna marashi duniani aliyowahi kuyafunga yakabaki yalivyokuwa.

Hakuwa amesikia miguu. Aliona tu mkono mdogo, wa baridi, ukija kutulia juu ya mikono yake na kumsaidia kukibana kizibo, kwa upole kabisa, kama mtoto mwema anayemsaidia mama yake kazi.

“Usiwe unafungua sana, Mama,” akasema. “Itaisha.”